Tasnifu ya sayansi ya michezo yaweza kufanyika Gachoka

KILA mwaka, wanafunzi wanaosomea sayansi ya michezo na mazoezi ya mwili katika vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta, hufikia mahali ambapo mihadhara inakwisha na kazi yao wenyewe inaanza. Huambiwa waandike tasnifu ya shahada ya kwanza, ile ambayo wengi huiita projekti. Mara nyingi swali la kwanza ambalo mwanafunzi hujiuliza ni, "Mashine nitapata wapi?"

Wiki hii, ndugu msomaji, tutazungumza na mwanafunzi huyo, hasa yule ambaye nyumbani kwao ni Gachoka, kule Mbeere Kusini, katika barabara itokayo mjini Embu kuelekea Kiritiri. Mzazi naye asiufunge ukurasa huu, kwa maana huenda ni mtoto wake atakayepimwa, na ana haki ya kujua anaombwa nini.

Tuseme wewe ndiwe mwanafunzi huyo. Chuoni mashine ya kukimbilia ni moja na wanaoingoja ni wengi. Kifaa cha kupima oksijeni anayotumia mtu akikimbia kinashikwa na mafundi wa maabara tu. Nyumbani kuna uwanja wa shule wenye vumbi, saa ya mkononi, daftari, na watoto mamia wanaocheza kila siku ya masomo. Mali hiyo ya nyumbani inatosha kabisa kuandikia tasnifu nzuri, mradi swali lako liwe limekatwa likatoshea.

Swali kubwa mno

Wanafunzi wengi huanza na swali hili: kwa nini Wakenya wanashinda mbio ndefu? Liache. Bengt Saltin, mtaalamu wa Sweden, alikuja Kenya na wenzake mwaka 1990 kuwapima wakimbiaji wetu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Baada yake alikuja Yannis Pitsiladis, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Glasgow wakati huo, akishirikiana na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watu hao walikuwa na fedha, maabara na miaka mingi, na hadi leo mjadala haujafungwa. Wewe una muhula mmoja.

Hata hivyo, katika kazi zao kuna jambo la kuiga. Utafiti mmoja wa Onywera na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, haukuhitaji mashine yoyote. Waliwauliza wanariadha 404 na watu wengine 87 wasio wanariadha maswali ya kawaida: ulizaliwa wapi, lugha ya nyumbani ni ipi, shule ilikuwa umbali gani, ulikuwa ukienda kwa miguu au ukikimbia? Tazama wale 87. Bila wao, ungesikia kwamba mabingwa wengi walikimbia kwenda shule ukadhani umepata siri, kumbe labda kila mtoto wa kijiji hicho alikimbia. Kundi la kulinganisha ndilo linaloipa habari hiyo maana.

Swali zuri mara nyingi liko njiani unapopita kila siku. Mwaka 1986, Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake wa ng'ambo walichapisha utafiti kuhusu akina mama wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, jinsi ambavyo mama zetu wa Mbeere pia hubeba maji na kuni. Waliona kwamba akina mama hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu za ziada. Habari hiyo ikasambaa duniani. Lakini mwaka 2010, Ray Lloyd na wenzake walipopima wanawake wa Kiafrika na wa Kizungu huko Afrika Kusini, hawakuiona faida hiyo. Walichoona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Ukisikia kwamba jambo "lilishathibitishwa", basi, uliza lilithibitishwa kwa watu wangapi. Kurudia kazi ya mtu mwingine kwa uangalifu ni tasnifu halali, na mimi ningeipa alama nyingi kuliko swali jipya lililopimwa ovyo.

Kyeni, jirani tu

Mfano unaokufaa zaidi uko katika wilaya yenu ya zamani. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wakiongozwa na Profesa Charlotte Neumann wa Marekani na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi katika shule 12 za msingi huko Kyeni, upande wa Embu ulio karibu na mlima. Watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya 500, walifuatwa kwa mihula kadhaa. Shule ziligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula. Familia za kundi hilo zilipewa mbuzi wa maziwa.

Watoto walipimwa urefu, uzito, damu na akili. Vilevile waliotazamwa wakati wa mapumziko, wakicheza walivyotaka. Mtazamaji alisimama kando akiandika: huyu amekaa, huyu anakimbia, huyu anawaongoza wenzake. Watoto waliokula githeri yenye nyama ndio walioonekana kucheza kwa nguvu zaidi na kuonyesha uongozi zaidi uwanjani, na katika mtihani mmoja wa kufikiri waliendelea kuliko wengine.

Hapo mwanafunzi wa Gachoka huruka. "Basi nitalinganisha shule inayopika chakula cha mchana na ile isiyopika!" Tulia kidogo, maana hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika.

Kule Kyeni kilichopigiwa kura ni shule, na kila kundi lilikuwa na shule tatu. Wewe ukichukua shule moja yenye jiko na moja isiyo na jiko, hata ukipima watoto 200 kila upande, bado unalinganisha kitu kimoja na kitu kimoja. Shule hizo mbili hazitofautiani kwa githeri peke yake. Moja ina uwanja tambarare na nyingine ina mawe. Moja iko karibu na soko ambako wazazi wana duka, nyingine iko bondeni ambako mtoto ametembea saa nzima kabla ya kengele. Moja mwalimu mkuu hupenda kandanda. Ukiona watoto wa shule ya kwanza wanakimbia zaidi, hutajua ni githeri, ni mawe, ni njia ndefu au ni mwalimu. Wingi wa watoto hautakuokoa, kwa sababu wote wa upande mmoja wanakula, wanatembea na wanacheza katika hali ileile. Msimamizi mkali atakuuliza jambo hili siku ya kutetea kazi yako, na wakati huo uwanja umeshaufunga na huwezi kurudi.

Kuna shida nyingine ya idadi. Hata kama watoto wenyewe wangepigiwa kura mmoja mmoja, kugundua tofauti ya wastani kati ya makundi mawili (yaani nusu ya mtawanyiko wa kawaida wa vipimo) huhitaji watoto kama 64 kila kundi, ukitaka kuwa na nafasi nne kati ya tano za kuiona. Lakini ukimpima mtoto yuleyule katika hali mbili, yeye mwenyewe anakuwa kipimo cha kujilinganisha. Mwendo wake wa nyumbani, kimo chake na chai aliyokunywa asubuhi vinabaki kuwa vyake katika hali zote mbili. Ikiwa tofauti ndani ya mtoto ni ya kiasi hichohicho, watoto kama 34 watatosha.

Mipira ya matambara

Kwa hiyo nakupa swali moja, uligeuze upendavyo: je, watoto wa Gredi ya 4 na ya 5 hucheza kwa nguvu zaidi siku ambazo kuna mipira na kamba za kurukia uwanjani kuliko siku ambazo hakuna kitu?

Ni swali dogo. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kusogeza mwili kwa nguvu ya kadiri au zaidi. Mwalimu mkuu asiye na fedha za vifaa angependa kujua kama mipira iliyofumwa nyumbani inasaidia, na kama inawasaidia wasichana sawa na wavulana. Vifaa utavitengeneza mwenyewe: mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba ya katani, na kamba za kurukia za katani hiyohiyo. (Mpira wa mifuko ya plastiki tuliocheza zamani si rahisi kuupata tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017.)

Chagua watoto 36 kwa kura, wasichana 18 na wavulana 18, kutoka kwa wale ambao wao na wazazi wao wamekubali. Wagawe makundi matatu ya watoto 12, A, B na C. Mapumziko ya asubuhi tuseme ni dakika 20. Unamtazama mtoto wa kwanza kwa sekunde 10, unaandika kwa sekunde 10, unahamia kwa wa pili. Kwa dakika moja unawatazama watatu, kwa mapumziko yote mara 60, yaani kila mtoto wa kundi la siku hiyo mara tano. Tarakimu ni tatu tu: 1 ameketi au amesimama, 2 anatembea, 3 anakimbia, anaruka au anafanya kazi ya nguvu kama hiyo.

Siku zipange mbili mbili. Siku mbili za kwanza ni za kundi A: siku moja mipira itolewe, siku nyingine isitolewe. Ipi ianze? Rusha shilingi, na urushe mbele ya mwalimu. Siku mbili zinazofuata ni za B, kisha C, kisha urudi kwa A. Baada ya siku 24 za masomo, kila kundi litakuwa limetazamwa siku nne zenye mipira na siku nne bila. Kila mtoto atakuwa na alama 20 za upande huu na 20 za upande ule, na daftari lako litakuwa na alama 1,440. Ni wiki tano. Siku ya mvua au ya sherehe iruke, uifidie mwishoni.

Kabla ya hapo, toa wiki nzima ambayo haihesabiwi. Mipira iwepo na wewe uwepo. Kitu kipya huwachangamsha watoto, na mgeni mwenye daftari huwafanya wengine wajionyeshe na wengine wajifiche. Baada ya siku chache watakuzoea kama mti wa uwanjani. Wiki hiyo pia ndiyo ya kugundua kwamba kwa mbali huwezi kumtambua mtoto kwa sare peke yake, na kwamba unahitaji kuwafunga vitambaa vya rangi mkononi.

Udhaifu mmoja huwezi kuuondoa: mtazamaji anaona mipira, hivyo anajua siku hii ni ya aina gani, na jicho linaweza kupendelea. Uandike waziwazi katika tasnifu. Dawa yake ya nusu ni kuwa na mtazamaji wa pili.

Mtafute rafiki, mtazame mtoto yuleyule kwa wakati uleule bila kuchunguliana, kisha mlinganishe. Usiridhike na asilimia ya kukubaliana peke yake. Tuseme mmetazama mara 100, mkiandika tu "anakimbia" au "hakimbii". Mara 65 nyote mliandika anakimbia, mara 20 nyote hakimbii. Mmekubaliana mara 85, na inapendeza. Lakini wewe uliandika anakimbia mara 70 kwa jumla, mwenzako mara 75. Kama kila mmoja angeandika akiwa amefumba macho, akifuata tu mazoea yake, mngekubaliana kwa bahati kiasi hiki: 0.70 mara 0.75 ni 0.525, ukiongeza 0.30 mara 0.25, yaani 0.075, unapata 0.60. Basi asilimia 60 ilikuwa yenu hata bila kutazama. Sehemu iliyobaki ya kujipatia kwa ustadi ni 40, nanyi mmepata 25 kati ya hizo, ambayo ni 0.625. Hesabu hii huitwa kapa, na iliwekwa na Jacob Cohen mwaka 1960. Kapa ya 0.625 si mbaya, ila inawaambia mkae tena chini mkubaliane ni mwendo gani hasa unaitwa kukimbia. Je, mtoto anayeruka kamba mahali pamoja anakimbia? Yule anayebebwa mgongoni na mwenzake je? Mambo hayo yaamuliwe wiki ya majaribio, yaandikwe, yasibadilishwe tena.

Mama ataulizwa nini

Watoto hawa si vifaa vya maabara. Hata kuwatazama tu wakicheza kunahitaji ruhusa, na ruhusa ina ngazi zake. Anza na msimamizi wako, kisha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, kisha kibali cha NACOSTI, Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Ukishakuwa na karatasi hizo, ndipo ufike katika ofisi ya elimu, kwa chifu, na kwa mwalimu mkuu. Mambo haya huchukua wiki nyingi kuliko unavyofikiri. Anayetaka kuwa uwanjani muhula wa pili, wakati mvua ndefu zimekwisha na jua la Mbeere halijawa kali, awe ameandika pendekezo lake kabla ya Krismasi.

Kwa mzazi, karatasi ya chuo iliyojaa maneno makubwa haitoshi. Nenda nyumbani au ungoje siku ya mkutano wa wazazi, useme kwa Kimbeere, kwa maneno yanayoeleweka. Kwa Kiswahili yangekuwa kama hivi: "Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa hapa. Nataka kumtazama mtoto wako akicheza mapumzikoni, niandike kama anakaa, anatembea au anakimbia. Sitampima damu, sitampiga picha, jina lake sitaliandika, nitatumia nambari. Sitamlipa wala hutalipa. Ukikataa, hatanyimwa mpira wala mwalimu hatamchukia. Ukikubali leo ukabadili nia kesho, niambie tu, nitamfuta." Kisha nyamaza, umwache aulize. Mama akiuliza, "Na mtoto wangu atafaidi nini?" usimwahidi maziwa. Kule Kyeni walikuwa na uwezo wa kutoa mbuzi. Wewe utaiachia shule mipira na kamba, na utarudi na majibu. Mwambie hivyo hivyo.

Mtoto naye aulizwe. Kibali cha mama hakimlazimishi mtoto wa miaka kumi, na mtoto anayejificha nyuma ya darasa kila akikuona ameshakujibu.

Majina na nambari zake yawe katika karatasi moja iliyofungiwa, mbali na daftari la uwanjani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawalinda watoto hasa, na simu yako yenye picha za watoto wa watu ikipotea sokoni Kiritiri, huna la kumwambia mtu.

Nimependekeza kuwatazama watoto badala ya kuwakimbiza, kwa sababu ya usalama. Vipo vipimo vya kuwakimbiza watu hadi wachoke, kama zile mbio za kwenda na kurudi za mita 20, na ni vipimo vizuri. Lakini mtoto aliyetoka nyumbani bila chai, akatembea kilomita kadhaa, kisha ukamkimbiza saa sita juani ili upate takwimu, anaweza kuanguka. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa seli mundu au mwenye matatizo ya moyo yaliyofichika anaweza kupata madhara makubwa zaidi. Msimamizi akikubali kipimo cha namna hiyo, kifanyike asubuhi, maji yawepo, maswali ya afya yaulizwe siku moja kabla, na mtu anayejua huduma ya kwanza awe uwanjani. Akisema kifua kinauma, anaona kizunguzungu, au amekoma kutoka jasho na anaongea ovyo, kipimo kimekwisha. Mpeleke kivulini, na huyo wa mwisho umpoze kwa maji na kumpeleka hospitali bila kuchelewa.

Wanaopendelea watu wazima, kwa mfano waendesha bodaboda wanaoketi kutwa kwenye pikipiki, wampime mtu shinikizo la damu kwanza. Ukipata 140 juu ya 90 au zaidi, usiwe daktari na usimpandishe ngazi za majaribio. Mwambie kwa upole, faraghani, aende kituo cha afya akapimwe tena.

Na ninajua kuna atakayetaka kuandika juu ya muguka, kwa kuwa umelimwa hapo shambani kwao. Ni mada nzuri, lakini huwezi kumpa mtu muguka atafune ili uhesabu mapigo ya moyo wake. Ndani yake mna kathinoni, kichocheo kinachopandisha mapigo na shinikizo la damu, na ambacho kimekatazwa kwa wanariadha wakati wa mashindano. Kamati ya maadili itakurudishia karatasi siku hiyohiyo. Kuwauliza watumiaji maswali kwa siri na kwa hiari yao ni jambo jingine, linawezekana.

Kuandika

Sura za tasnifu unazijua: utangulizi, maandishi ya waliotangulia, njia, matokeo, mjadala. Sura ya njia iandike kwanza, kila jioni, wakati vumbi bado liko miguuni. Ukingoja mwezi upite, hutakumbuka kwa nini siku ya saba ilikuwa na alama 48 badala ya 60. Daftari la uwanjani usilinakili upya ili lipendeze. Mahali ulipokosea, piga mstari mmoja, andika sahihi yake juu, weka tarehe.

Kwa kila mtoto, hesabu alama za 3 kati ya 20 za siku zenye mipira, toa zile za siku zisizo na mipira. Utapata tofauti 36. Zichore kwanza kwenye karatasi, nukta kwa nukta, kabla hujaiambia kompyuta ikupe jibu. Huenda ukaona kwamba watoto wengi hawakubadilika ila sita tu, na hao sita wote ni wavulana wanaoshika mpira hawautoi. Wastani ungekuficha habari hiyo. Kuhusu wasichana na wavulana, kumbuka una 18 tu kila upande. Sema ulichoona, ila usikitangaze kama sheria.

Na kama hakuna tofauti? Andika hivyo. Wanafunzi wengine hufikiri wamefeli, wakaanza kupindapinda takwimu, kumtoa mtoto huyu, kuunganisha alama ya 2 na ya 3, hadi kitu kitokee. Huo ni udanganyifu, na mtahini mzoefu huunusa mbali. Ulichoahidi kupima katika pendekezo ndicho unachojibu kwanza. Mengine uliyoyagundua njiani yawekwe chini yake, yakiitwa kwa jina lake, yaani mambo ya kuchunguzwa na mtu mwingine.

Katika mjadala usivuke mipaka ya uwanja wako. Umetazama watoto 36 wa shule moja ya Gachoka, mapumziko ya asubuhi, muhula mmoja. Huwezi kusema juu ya watoto wa Kenya, wala hata juu ya Kyeni, ambako hewa ni baridi na chai na kahawa humea. Hapo ndipo utawataja Neumann na Bwibo, kwa kuonyesha nini kinafanana na nini hakifanani.

Kazi ikishasahihishwa, toa ukurasa mmoja, mkubwa wa herufi, bila takwimu ngumu, uupeleke kwa mwalimu mkuu na uusome kwenye mkutano wa wazazi. Waambie mipira iliwafanya watoto wakimbie zaidi au haikuwafanya, wasichana ilikuwaje, na nyuzi za katani zilikatika baada ya wiki ngapi. Chukua na nakala moja ya tasnifu yenyewe uiache ofisini, kwa ajili ya mwanafunzi atakayekuja baada yako kuuliza swali hilo katika shule ya pili.